Nimesikia

Alisema "nimesikia".
Naapa kwa kiapo kilekile ninachowalisha mashahidi
kila asubuhi kwenye korti ya Webuye, chumba cha pili,
juu ya Biblia iliyobandikwa jalada kwa gundi:
Namaemba alisema, kwa Kibukusu, "nimesikia",
nami nikamgeukia hakimu, "Amekubali."

Ilikuwa Jumanne. Mvua ya Chetambe
ilipiga mabati hata hakimu akainamisha sikio.
Hiyo si sababu. Naitaja tu
kwa kuwa mwaka mzima nimeitumia kama sababu.

Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya leso.
Vidole vitatu vilibaki Bokoli, ukingoni mwa miwa,
panga la mwana wa mwenye trekta lilipopita
likitafuta mpaka pasipokuwa na mpaka.
Kabla ya hapo alikuwa msusi:
mia mbili kichwa, mia tano cha bibi harusi,
na mtoto hulipa atakapokua.

Kiongozi wa mashtaka akasimama,
tai ya buluu, sauti ya mtu aliyestaftahi vizuri.
"Mheshimiwa, pande mbili zimeelewana.
Mlalamishi amefidiwa laki moja na nusu.
Anaomba kuiondoa kesi."
Mshtakiwa akatazama viatu vyake.
Namaemba akanitazama mimi.

Nikaambiwa nimuulize. Nikamuuliza,
kwa maneno machache kuliko niliyopewa:
fidia nilitaja, kiasi sikukitaja.
Mate yalikauka, au foleni ya kesi ilikuwa ndefu.
Kumbe alikuwa amepewa elfu arobaini,
nje, karibu na choo cha wanaume,
akabonyeza gumba la kushoto kwenye karatasi,
akidhani ni za dawa, na kesi ingali inatembea.

Siapi nisichokiona.
Niliona bahasha ya kaki ikiingia ofisi namba nne
imenona, ikatoka imekonda.
Ndani sikuchungulia.
Huenda zilitolewa picha za hospitali tu.
Huenda. Nalipenda neno hilo,
lina mlango wa nyuma.

Na kabla yake alikuwepo mzee wa Ndivisi,
ng'ombe wawili wa maziwa;
na yule kijana wa bodaboda, taya.
Wote nimewatamkia, "Ameridhika."
Wote nimewatamkia, "Hana neno."
Sasa nashangaa: mtu asiye na neno
neno lake limekwenda wapi, na nani kalibeba?

Jana jioni Namaemba alinijia nyumbani.
Hakupaza sauti. Akakataa chai.
Akaweka mkono mezani, bila leso,
kando ya bakuli la sukari,
akauliza kama anayeulizia nauli,
"Siku ile, ulisema nini kwa mdomo wangu?"

Nguo ya kuazima haisitiri makalio.
Ulimi wa kuazima je?

Nikamwambia. Yote, na mvua pia.
Akatikisa kichwa alipofika kwenye mvua.
Kisha akatoa daftari la mwanawe, la hesabu,
kurasa za nyuma hazijaandikwa.
"Niandikie barua kwa wakubwa wao, Bungoma.
Kwa Kiingereza, wasije wakajidai hawakuelewa.
Chumvi usiongeze. Wala usipunguze."

Nikaandika tarehe. Nikaandika arobaini.
Nikaandika laki na nusu, nikaweka chooni pahali pake.
Ya bahasha nikaandika nilivyoiona, nje tu.
Nikafika aya ya nne: "Mkalimani akasema..."
Kalamu ikasimama kama punda wa maji mlimani.
Yeye akangoja. Alishazoea kungoja, mwaka mzima,
kwenye benchi lililo mkabala na ofisi namba nne.
Nikaliandika jina langu, la ubatizo na la baba,
na namba ya kazi.

"Nisomee."
Nikamsomea, polepole, kwa lugha yake,
sentensi kwa sentensi, kama inavyotakiwa.
Taa ilififia, umeme ukarudi.
"Nimesikia," akasema.

Nikauliza, "Maana yake umekubali?"

"Nimesema nimesikia."